Sekondari za Lubumbashi zinapangwaje? Watoto wanatoka Kidato cha 3 na Darasa la 7 Tanzania

MamaRehema

Habari zenu ndugu wa Lubumbashi. Mwezi wa 8 tunahamia huko kwa kazi ya baba watoto, na nina watoto wawili wa kutafutia shule. Mkubwa ana miaka 16, alimaliza Kidato cha 2, matokeo yake ya NECTA ninayo, sasa yuko Kidato cha 3. Mdogo yuko Darasa la 7, na mtihani wake wa kumaliza ungekuwa Septemba, yaani baada ya sisi kuondoka. Kifaransa wanakijua cha salamu tu.

Nimepiga simu shule tatu na kila moja imenichanganya kwa namna yake. Ya kwanza inasema mkubwa aingie "première", ya pili "huitième", ya tatu "troisième". Shule moja ni "Institut", nikadhani ni chuo. Nyingine ni ya kanisa lakini wanasema walimu wanalipwa na serikali. Naomba mnieleze mfumo wenyewe: madarasa, nani mwenye shule, michepuo, ada, na mtihani wa mwisho. Na hii shule iliyoko "Kenya" ni ipi tena?

PrefeKatuba

Karibu sana Mama Rehema. Kenya ni komini (sehemu ya mji yenye utawala wake) ya hapa mjini, jirani na Katuba na Kamalondo. Usihofu, hutavuka mpaka mwingine.

Nianze na majina ya madarasa, maana hapo ndipo wageni wanapotea, na anayepotea anapotea miaka miwili mizima. Sheria ya elimu nambari 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 iliweka elimu ya msingi ya miaka 8, kisha humanite, yaani sekondari ya juu. Katika ile 8, sita ni ya primere, shule ya msingi yenyewe. Miwili inayobaki, 7e na 8e (mwaka wa 7 na wa 8), inasomwa kwenye majengo ya sekondari, kila somo na mwalimu wake; miaka hiyo ndiyo mtaisikia ikiitwa CTEB, yaani ngazi ya mwisho ya elimu ya msingi. Baada ya 8e mtoto anaingia humanite, miaka 4, kuanzia 1e mpaka 4e. Jumla ni miaka 12: sita, miwili, minne. Kwenu mtoto anasoma saba, minne, kisha miwili, jumla 13. Kuna pia humanite fupi za ufundi za miaka 3 ambazo hutoa breve (cheti cha ufundi), lakini breve si Diplome ya Leta (cheti cha serikali cha kumaliza sekondari) na haifungui mlango wa chuo kikuu. Mkipewa nafasi ya haraka kwenye shule ya ufundi, ulizeni kwanza kama ni ndefu au fupi.

Kabla ya sheria hiyo miaka yote ya sekondari ilihesabiwa mfululizo, 1 mpaka 6. Wazazi bado wanaongea hivyo, walimu vilevile, hata rangi ya ukutani kwenye shule nyingine. Njia ya kutafsiri: chukua nambari ya zamani, toa mbili, unapata mwaka wa humanite. "Troisième" ya zamani ni 1e humanite, "sixième" ya zamani ni 4e humanite. Kwa hiyo shule ya kwanza na ya tatu ulizopigia huenda zilikuambia kitu kilekile. Ila "première" peke yake ni neno la hatari: inaweza kuwa 1 ya sekondari ya zamani, ambayo leo ni 7e, au 1e humanite, ambayo ni mwaka wa 9 wa masomo. Usikubali kuandikisha kabla hawajakutajia neno la pili. Na "septième" yetu si Darasa la 7 lenu: kwenu ni mwisho wa msingi, hapa ni mwanzo wa sekondari.

Majina ya shule. "Institut" ni sekondari ya kawaida kabisa. "Collège" na "Lycée" pia ni sekondari, madarasa yaleyale. Kwa desturi collège zilikuwa za wavulana na lycée za wasichana, hasa zile za Kikatoliki. "Complexe scolaire", kifupi C.S., mara nyingi ni ya mtu binafsi yenye chekechea, primere na sekondari ndani ya ua mmoja. Utakuta pia shule zenye majina ya Kiswahili, kama Imara, Tuendelee, Salama. Hayo usiyatafsiri kama maelezo ya ubora, ni majina tu.

Sasa mwenye shule. Tofautisha anayesimamia na anayelipa. Shule za Leta (huku serikali tunaiita Leta) ziko za aina mbili. Kuna zinazosimamiwa na Leta moja kwa moja, zinaitwa non conventionnées. Halafu kuna conventionnées: majengo na usimamizi wa kila siku ni wa kanisa au wa jumuiya ya Kiislamu, programu ya masomo na mishahara ni ya Leta. Shule zilitaifishwa mwaka 1974, kisha tarehe 26 Februari 1977 Leta na makanisa wakatia saini mkataba wa kuzirudisha kwenye usimamizi wao, na jina "conventionnée" linatoka kwenye mkataba huo. Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu, Waislamu na Jeshi la Wokovu wote wana shule za namna hiyo, na kila kundi lina ofisi inayoitwa koordinasioni. Mtoto wa dini nyingine anapokelewa. Atakaa kwenye somo la dini na atapewa pointi kama wenzake. Aina ya tatu ni za binafsi, ambazo wazazi wanabeba kila kitu.

Ya binafsi ina swali moja ambalo ni lazima uulize kwa uso mkavu: arete ya agreman iko wapi? Hiyo ndiyo karatasi ya wizara inayoiruhusu shule kufanya kazi, na inataja opsioni (michepuo) zilizoruhusiwa. Shule inaweza kuwa na ruhusa ya Commerciale na isiwe nayo ya Scientifique. Kama haina ruhusa hiyo, wanafunzi wake wa 4e wanaandikishwa kwenye mtihani wa Leta kwa jina la shule nyingine, na ikitokea mzozo kati ya hizo shule mbili mtoto wako hana dosye (faili) popote. Omba kuiona, soma opsioni, ndipo uzungumze ada.

Juu ya shule kuna njia tatu zisizochanganyika. Utawala: shule, Sous-division (ofisi ya elimu ya eneo), kisha Province éducationnelle (mkoa wa elimu) yenye mkurugenzi wake tunayemwita Proved, Lubumbashi ni makao ya Haut-Katanga 1. Enspeksioni (ukaguzi): pool za wakaguzi na juu yao IPP, mkaguzi mkuu wa mkoa, hao ndio wanaoshika ufundishaji na mitihani. Ya tatu ni ya mishahara ya walimu, zamani SECOPE, sasa DINACOPE. Ukiwa na shida ya uandikishaji, kwenda kwa mkaguzi ni kupoteza asubuhi. Ukiwa na shida ya mtihani, kwenda Sous-division ni vilevile. Na kwa shule ya kanisa, koordinasioni inatangulia.

Ndani ya shule: mkuu anaitwa prefe. Chini yake kuna mkurugenzi wa masomo, na mkurugenzi wa nidhamu ambaye wanafunzi wanamwita DD. Kila darasa lina titulere, mwalimu anayelibeba. Shida nyingi zinaishia kwa titulere, usirukie kwa prefe. Uliza pia vakasioni: shule nyingi zinatumia jengo moja kwa zamu mbili, kundi la asubuhi na kundi la mchana, na si kila mara unachagua.

Opsioni ndiyo jambo zito kuliko yote niliyoandika. Kwenu mtoto anaweza kubadilisha mchanganyiko wa masomo anapoingia Kidato cha 5. Hapa anachagua akiingia 1e humanite na ndiyo itakayoandikwa kwenye diplome. Scientifique ni hesabu, fizikia, kemia na biolojia. Commerciale et gestion ni uhasibu, sheria, kodi na kompyuta. Pédagogie inatengeneza walimu wa primere. Latin-Philo ni ya lugha na falsafa. Halafu ufundi: umeme, mekanika, ujenzi, ushonaji, kilimo na nyingine. Kubadilisha ukiwa 2e maana yake ni kukosa msingi wa mwaka mzima wa masomo ya opsioni, na wakaguzi wanapopitia dosye ya mtahiniwa wanatazama buletini (ripoti za alama) za nyuma zinasema opsioni gani.

Kwa mkubwa wako naona 1e humanite. Ana miaka 9 ya masomo iliyokamilika, kwa hesabu tupu angeweza kudai 2e, lakini 2e tayari wako katikati ya opsioni na yeye hana Kifaransa.

COPA_Kampemba

Naongeza upande wa pesa, kwa kuwa kamati za wazazi ndizo zinazobishana nao kila Septemba.

Primere ya Leta ni bure tangu mwaka wa masomo ulioanza Septemba 2019. Msingi wake ni kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006. Bure hiyo inahusu primere ya Leta, iwe ya kanisa au la. Sekondari mzazi analipa, hata kwenye shule ya Leta, na 7e ndiyo mwanzo wa kulipa. Mama akisikia "elimu ni bure Kongo" asipange bajeti kwa neno hilo.

Kuna minervali, ada ndogo ya Leta. Kuna ada zinazowekwa kwa arete ya mkoa kwa kila ngazi. Kisha kuna yale ambayo mkutano wa wazazi umekubali. Finaliste wa 4e wana malipo ya pekee ya kushiriki mtihani wa Leta, na wa 8e wana yao. Shule za binafsi hutaja ada kwa dola lakini wengi hulipa kwa faranga, kwa hiyo uliza kiwango cha kubadilisha ni cha siku ya kulipa au kimefungwa kwa mwaka mzima. Tofauti hiyo peke yake inaweza kukula awamu nzima.

Swali zuri la kuuliza shuleni si "ada ni ngapi?" Uliza: "Jumla ya mwaka kwa darasa hili na opsioni hii, mpaka anapokea buletini ya mwisho, ni ngapi, na imegawanywa mara ngapi?" Mbona mpaka buletini? Kwa sababu vitu vidogo vinajipanga baadaye: fomu ya buletini, daftari la mawasiliano, sare ya michezo, overoli kwa wale wa ufundi, vitambaa kwa ushonaji. Sare ya kawaida ni shati jeupe na suruali au sketi ya bluu, unaweza kushonesha hata Kigoma kabla hamjasafiri.

Kila malipo dai risiti yenye jina la mtoto, darasa na mhuri. Wiki ya mitihani wanapita na orodha na asiyekuwa "en ordre", yaani hajakamilisha malipo, anatolewa nje. Risiti iliyopotea ndiyo chanzo cha kulipa mara mbili, si ubaya wa mtu. Piga picha ya kila moja siku ileile.

Na mpangilio wa pointi, Prefe hakuugusa. Sekondari ina semesta 2. Kila semesta ina periode 2 (vipindi vya kutoa alama) na mtihani, na mtihani una uzito wa periode mbili. Somo lenye 20 kwa periode litakuwa na 40 kwenye mtihani, 80 kwa semesta, 160 kwa mwaka. Mfano: mtoto akipata 12, kisha 9, na 18 kwenye mtihani, ana 39 juu ya 80. Hajafika nusu, na semesta ya pili lazima apate 41 ili mwaka usimame kwenye 80 juu ya 160. Anayeingia Januari anakuta periode zimeshapita na nafasi zake kwenye buletini ni tupu. Ndiyo maana Agosti yenu ni nzuri, Septemba ataanza na wengine. Somo lililo chini ya nusu linaandikwa kwa wino mwekundu. Mwishoni walimu wanakaa deliberasioni (kikao cha kuamua matokeo), wanafunzi wengine wanapita, wengine wanapelekwa ripeshaje (mtihani wa marudio) kwenye masomo waliyoanguka, wengine wanarudia darasa.

MamaRehema

Asanteni sana, baba Prefe na mwenzetu wa kamati. Sasa naelewa kwa nini simu tatu zilinipa majibu matatu. Nimebaki na mambo matatu. Karatasi za NECTA zitakubaliwa vipi? Mdogo asiye na cheti cha Darasa la 7 aende wapi? Na huo mtihani wa Leta ukoje, maana ndio lengo la safari nzima.

Enspeksioni_mstaafu

Mama, nianze na karatasi kwa sababu zina foleni yake.

Ekivalansi, karatasi ya kutambua masomo ya nje, inatolewa na wizara. Shule haina mamlaka hayo, wala koordinasioni. Shule inaweza kumpokea mtoto akae darasani huku dosye ikishughulikiwa, na hapo ndipo kosa kubwa hutokea: mtoto anakaa, anapanda, miaka inapita, na karatasi hakuna aliyeifuatilia. Inakuja kukumbukwa akiwa 4e, siku dosye za watahiniwa zinapitiwa. Anza Proved wiki ya kwanza mkifika. Uwe na matokeo ya NECTA, ripoti za shule za miaka yote ya sekondari zenye muhuri, barua ya uhamisho, na cheti cha kuzaliwa. Zote zitafsiriwe kwa Kifaransa na mtafsiri aliyeapishwa, na nakala zithibitishwe. Asili usimwachie mtu yeyote, hata akikuambia ni kwa siku moja.

Halafu jina. Karatasi zetu zina nafasi tatu: nom (jina la kwanza kwenye karatasi, la ukoo), postnom (la pili), prénom (jina binafsi). Mtoto wa Tanzania ana jina lake, la baba na la babu, kwa mpangilio huo. Karani wa shule atayapanga upya kwa kichwa chake: la babu mbele, la mtoto mwisho. Mwaka unaofuata karani mwingine atapanga kivingine. Mtoto anaishia na buletini za watu wawili. Amua wewe, siku ya kwanza, jina lipi linakwenda nafasi ipi, liandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na mpe kila shule karatasi hiyohiyo. Buletini ina pia nambari ya kudumu ya mwanafunzi, inayotoka SERNIE, ofisi ya kutambulisha wanafunzi. Angalia haibadiliki akihama shule. Buletini za 3e na 4e humanite ndizo zinazodaiwa chuo kikuu pamoja na diplome, kwa hiyo hizo mbili zihifadhi kama hati ya kiwanja.

Mdogo. Hapa mtoto anamaliza 6e primere kwa mtihani unaoitwa ENAFEP, na cheti chake ndicho kinachofungua 7e. Wa kwako amemaliza miaka sita lakini hana cheti cha huku wala cha kwenu. Njia moja ni kumwacha kwa ndugu afanye mtihani wa Septemba, kisha aje na cheti, aingie 7e amechelewa wiki kadhaa, na ekivalansi ifuate. Nyingine ni kumwingiza 6e primere Septemba, afanye ENAFEP na wenzake mwisho wa mwaka. Mimi naipendelea ya pili kabisa. Anapoteza mwaka mmoja kwa hesabu, lakini anapata cheti cha Kongo kisicho na mjadala, na mwaka mzima wa Kifaransa mbele ya mwalimu mmoja, kabla ya kukutana na walimu kumi wa 7e. Na kwa shule ya Leta hulipi.

Mwisho wa 8e kuna mtihani mwingine, TENASOSP, wa kuchuja na kuelekeza: unasaidia kuona mtoto anafaa opsioni gani. Huo nao ukumbuke kwa ajili ya mkubwa.

Mtihani wa Leta, EXETAT, upo tangu 1967. Ni mmoja kwa nchi nzima, maswali yanatoka Kinshasa. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni hors-session: disertasioni (insha) ya Kifaransa, Kifaransa cha kusema, na juri (jopo la watahini) ya vitendo kwa opsioni zinazohitaji, kama ufundi, au pedagojia ambako mtahiniwa anafundisha somo mbele ya juri. Ya pili ni session ordinaire, siku 4, na makundi 4 ya masomo: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsioni. Maswali ni ya kuchagua jibu. Kupita ni 50% kwenda juu, na asilimia inaandikwa. Chuo kikuu wanaitazama.

Kinachowaangusha si ujinga peke yake. Maswali yanakuja kwa serie (matoleo) mbalimbali, mpangilio wake ukitofautiana kati ya jirani na jirani. Mtahiniwa akikosea kuandika serie yake kwenye karatasi ya majibu, atasahihishwa kwa ufunguo wa mwingine, na kompyuta haimhurumii. Anayenakili kwa jirani anapatwa na hilohilo. Kosa la tatu ni disertasioni: inafanywa mapema, wengi wanaichukua kama utangulizi, wanaandika kurasa bila kujibu mada, na zile pointi hazirudi. Kwa mtoto aliyekuja na Kiswahili na Kiingereza, sehemu hiyo pamoja na Kifaransa cha kusema ndipo penye jasho. Kiingereza, kwa upande mwingine, atakuwa nacho mbele ya darasa zima.

Akipita, jina linatoka kwenye palmare, orodha ya waliofaulu. Diplome yenyewe inachelewa kuchapwa, kwa hiyo anaanza chuo na atestasioni (hati ya muda). Akianguka, anajaribu tena mwaka unaofuata, darasani au kama mtahiniwa huru, ambaye kwanza hupita kwenye mtihani wa awali.

ProfeFR_Ruashi

Kwa heshima yote, Prefe, sikubaliani na 1e humanite kwa mkubwa, isipokuwa kwa sharti.

Fizikia ya Kidato cha 2 na ya 8e zinakaribiana, na hesabu vilevile. Kinachokatika ni lugha ya kuandikia. Huku sehemu ya desimali inatengwa kwa koma: 3,5 ni tatu na nusu, na nukta inaweza kutenga maelfu, 1.000. Mtoto wa Tanzania anaandika kinyume na anakosa jibu alilolijua. Kugawanya kunaandikwa kwa alama ":" na kwa mpangilio mwingine wa mistari. Walimu wanasomesha kwa kuandikisha kwa mdomo (imla) na kwa mwandiko wa kuunganisha, ubaoni na kwenye daftari. Asiyeufuata ana madaftari matupu wiki ya tatu. Hizi si akili, ni mazoea, lakini zinakula periode mbili za kwanza.

Kwenye 1e humanite mazoea hayo yanakuja pamoja na masomo mapya ya opsioni. Tuseme Commerciale, ambayo watu wengi huwapa watoto wageni wakidhani ni nyepesi. Kongo imo ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, tangu 2012, na uhasibu wake unaenda kwa nambari za akaunti: mtaji 10, wauzaji 40, wateja 41, benki 52, kasha 57, gharama za shughuli za kawaida zinaanza na 6, mapato na 7. Aliyesoma uhasibu wa Tanzania anajua debiti na krediti, ila hakuwahi kukariri nambari hizo, na bila nambari zoezi halisahihishwi.

Halafu TENASOSP. Aliyeingia 1e moja kwa moja kutoka nje hana karatasi hiyo. Ekivalansi inaweza kuziba pengo, lakini hapo umeweka uzito wote kwenye karatasi moja. 8e ingempa lugha, mazoea na karatasi.

PrefeKatuba

Hoja ya TENASOSP ni ya kweli, nimeipita bure. Lakini mtoto wa miaka 16 kati ya wa 13 na 14 ana mzigo wake, na wengi wanaacha. Sharti lako ni lipi, Profe?

ProfeFR_Ruashi

Sharti ni hili. Mama ahakikishe mambo mawili kabla ya Septemba. Kwanza ekivalansi iwe imepokelewa Proved na ana karatasi ya kupokelewa mkononi, si ahadi. Pili, mtoto apimwe na shule yenyewe, si kwa mazungumzo: apewe kurasa mbili za kitabu cha historia cha 8e, asome, aandike mistari kumi kwa Kifaransa akieleza alichosoma. Akiweza kuandika sentensi zenye kitenzi mahali pake, hata kwa makosa ya tahajia, aingie 1e, na achague Scientifique ikiwa hesabu zake ni nzuri, kwa sababu alama za hesabu na kemia zinamsemea hata lugha ikikwama. Asipoweza, 8e, na aibu ya umri inaisha Desemba.

Kutoka sasa mpaka Agosti kuna muda. Saa moja kila siku ya Kifaransa, lakini si cha mazungumzo: kuandikishwa kwa mdomo mistari 8, kwa mwandiko wa kuunganisha, na kusahihisha mwenyewe kwa wino mwingine. Vitenzi être, avoir, aller, faire kwa nyakati tatu. Nambari mpaka 1.000, na hapo 70 na 90 mwambie mapema kwamba huku tunasema septante na nonante, tumeyarithi kwa Wabelgiji. Akijifunza na programu za simu za Ufaransa atafundishwa soixante-dix na atachanganyikiwa kwenye zoezi la kwanza la hesabu.

MamaRehema

Nimeandika yote kwenye daftari. Mdogo ataingia 6e primere, hilo limeamuliwa. Mkubwa ameanza mazoezi ya kuandikishwa kwa mdomo leo jioni. Ile shule ya binafsi nimeipigia tena kuulizia arete. Wamesema opsioni iliyoandikwa ni Commerciale peke yake, ingawa kwenye bango wametangaza na Scientifique.

PrefeKatuba

Basi hiyo usiifikirie kwa Scientifique, mama. Ukifika, pita Sous-division ya komini mtakayokaa, omba orodha ya shule zenye Scientifique iliyoruhusiwa na wizara karibu na nyumba, na uiandike kwa mkono wako. Peleka nakala mbili za kila karatasi, kwa sababu moja watabaki nayo.